Mkwe Hakukata Simu

Uchovu wa Mzee Athanasi ulikuwa wa namna ile isiyoisha kwa kulala. Alilala nao, akaamka nao, akaenda nao shamba na kurudi nao. Tangu mkewe Nyanjige apigwe na kiharusi, msimu wa palizi wa mwaka uliopita, kazi zote za nyumba ile pale Mwamapalala zilikuwa zimemwangukia yeye: kuteka maji, kuwasha moto, kukoroga uji, kumgeuza mgonjwa, kumwogesha, kumlisha, kisha kukimbilia shamba kabla magugu hayajaimeza pamba. Wanaume wenzake walipomwona na ndoo kisimani walijifanya kutazama ng'ombe zao. Yeye naye alijifanya hakuwaona.

Hakuwa mtu wa kulalamika mbele za watu. Zamani alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika, kazi aliyoipata baada ya kujifunza kusoma akiwa mtu mzima, jioni baada ya jioni, kwa mwanga wa karabai. Biashara huria ilipokuja na kampuni za watu binafsi zikaingia vijijini kununua pamba, mizani ya ushirika ilibaki ikila kutu ghalani, na Athanasi akarudi kwenye jembe. Lakini kalamu aliendelea kuiweka mfukoni mwa shati, hata siku za palizi, na ukimwambia kitu alikuwa na tabia ya kukudaka katikati ya sentensi: "Nimeshaelewa. Unataka kusema hivi."

Jumamosi ile alikuwa akimwogesha mkewe. Alikuwa amemkalisha kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba, beseni chini ya miguu, na redio iko dirishani inaimba kwa sauti kubwa. Redio hiyo aliifungua kila asubuhi na kuiacha ikiwaka mpaka jioni ili mgonjwa asijione mpweke. Simu ilikuwa juu ya mto, mahali pake pa siku zote.

Simu yenyewe ilikuwa bado ngeni. Ya kwanza, ile ya vibonye, ilimdondoka lamboni alipokuwa akinywesha ng'ombe, na binti yake Monika, aliyeolewa Mwanza, alipokuja kuwatazama baada ya mavuno alimletea hii ya kioo. Alikaa nayo mchana mzima kando ya kitanda cha mama yake akiigusa hapa na pale, kisha akamwambia baba: "Hii usiende nayo shamba wala lamboni. Iache hapo kwenye mto wa mama." Athanasi aliona ni maneno ya busara, maana vumbi na maji ni adui wa vitu hivi. Aliona pia kwamba simu ya kisasa haina shida: inalia mara mbili tu, kisha sauti ya mtu inasikika yenyewe, kubwa, chumba kizima, hata kabla hujaishika. Alidhani zote za kioo ziko hivyo, wala hakuuliza.

"Inua mkono, Mama Monika," alisema. "Huo mzima. Huo."

Nyanjige aliinua mkono wa kushoto nusu, ukashuka. Upande wa kulia haukuwa wake tena.

"Haya, niinue mimi. Mimi si ndiye winchi ya nyumba hii? Umekuwa mzito kama robota la pamba lililonyeshewa. Na huli! Sijui uzito huu unautoa wapi."

Nyanjige alitoa sauti kooni. Midomo yake ilianza kutafuta neno.

"Nimeshaelewa, unataka maji," Athanasi akamkatiza. Akamletea kikombe. Mkewe alikunywa kidogo, mengine yakamwagika kifuani, na yeye akayafuta kwa ncha ya kanga. Akachuchumaa kumsugua miguu, na kiuno chake mwenyewe kikakataa kunyooka. Akabaki pale chini, paji la uso limeegemea goti la mkewe.

"Nimechoka, Nyanjige," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. "Nimechoka mpaka naogopa. Juzi nimesimama kisimani nikasahau nimefuata nini. Nawaambia watoto sisi wazima. Wazima gani! Mungu naye nadhani amepotea njia ya kuja nyumba hii. Kuna siku nikikugeuza nasema moyoni, bora mmoja wetu apumzike, na sijali ni nani."

Alipomaliza kusema hivyo alishtuka mwenyewe. Akamfunga mkewe kanga safi, akambeba mpaka kitandani, akasogeza simu ili apate mahali pa kumlaza. Kioo kilikuwa kinawaka. Juu yake paliandikwa: *Mkwe Constantine*. Chini ya jina, dakika zilikuwa zinakimbia.

Alizima redio kwanza. Kisha akasema, taratibu, "Haloo?"

"Mwangaluka, baba mkwe," ikasalimu kwa Kisukuma sauti nyembamba, kama ya mtu aliyefichwa ndani ya pipa.

"Mwangaluka. Uko hapo tangu lini?"

Upande wa pili mtu alisafisha koo.

"Constantine, nakuuliza. Uko hapo tangu lini?"

"Tangu... tangu mkono, baba."

Athanasi aliketi ukingoni mwa kitanda. Constantine alikuwa kijana wa Kalemela, aliyelelewa kwa adabu za zamani ambazo hata huko zimeanza kuchakaa. Tangu amwoe Monika hajawahi kumpa mkono mama mkwe wake wala kukanyaga chumba anacholala. Alipokuja kumjulia hali, alisimama nje nyuma ya dirisha, uso ameuelekeza zizini, akatoa pole zake kwa ng'ombe. Na mtu huyo ndiye aliyesikia maji yakimwagika mwilini mwa mama mkwe wake.

"Kwa nini hukukata simu?"

"Baba, mimi nimkatie simu baba mkwe?"

"Hata kama..."

"Wewe ndiye mkubwa, baba. Mkubwa ndiye anayekata. Nilisema haloo mara tatu, redio ikanishinda. Nikaiweka mezani, nikatoka nje. Nikaona tena, kuitupa simu ya mkwe mezani ni dharau. Nikarudi, nikaishika mbali na sikio. Lakini hii simu ina sauti, baba."

Siku nyingine Athanasi angecheka. "Ulikuwa unapigia nini?"

"Kuwasalimu tu. Monika yuko sokoni."

"Basi tumesalimika," alisema Athanasi, akakata.

Mchana ule hakula. Kila alipofikiria aliyoyasema alihisi joto shingoni. Lakini zaidi ya aibu palikuwa na hofu, na hofu hiyo aliijua jina. Monika alikuwa amesema mara nyingi: "Baba, mlete mama Mwanza, hapo huwezi." Naye alikuwa amejibu mara nyingi: "Naweza. Tuko wazima." Kila jioni binti alipopiga, Athanasi alikuwa akijikaza, anakohoa, anakunja sauti yake vizuri kama shati la Jumapili, anamwambia amekula vizuri, amelala vizuri, anaendelea vizuri. Ndipo alipoanza kukumbuka. Mara nyingine alikuwa bado anajikaza na tayari sauti ya Monika iko chumbani: "Baba, mbona unahema?" Alikumbuka yule binti alivyokaa na simu mchana mzima, akiigusa. Kumbe! Alikuwa ameiwekea mlango usiofungwa. Wanamsikiliza. Wanakusanya maneno yake wapate sababu ya kumchukua mama yao, na leo amewapa wenyewe, kwa mdomo wake, robota zima.

Nyumba bila Nyanjige! Alijaribu kuiona, akaona kiti cha plastiki peke yake.

Asubuhi yake, baada ya misa, alimwomba jirani yao, mjane aitwaye Milembe, akae na mgonjwa. Akavaa shati jeupe, akatia kalamu mfukoni na simu mfuko wa pili, akapanda bodaboda mpaka Bariadi mjini.

Fundi wa simu karibu na stendi alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, aitwaye Jenifer. Kibanda chake kilikuwa na watu watatu waliokuwa wakisubiri simu zao zipate chaji na hawana haraka ya kuondoka.

"Simu yangu ina ugonjwa," alisema Athanasi. "Inajipokea."

"Inajipokeaje, mzee?"

"Mtu akipiga, inafunguka yenyewe. Hata uwe unafanya nini."

"Hata uwe chooni?" akauliza mmoja wa wale waliokuwa wakisubiri, na wenzake wakaangua kicheko.

"Wewe cheka tu," alisema mwingine. "Yangu ingekuwa hivyo mke wangu angekuwa ameshahamia kwao."

Jenifer aliipokea, akagusa mara mbili tatu, akamrudishia. "Haiumwi, baba. Imeagizwa. Kuna sehemu ya kuiambia ipokee yenyewe. Mtu ameiambia."

"Izime."

"Haya, lete."

"Hapana," Athanasi akaivuta. "Nionyeshe njia. Nitazima mwenyewe. Nasoma."

Wale watu watatu walisogea karibu. Jenifer alishusha pumzi, akaegemea meza. "Ingia kwenye *Mipangilio*. Hiyo yenye alama ya gurudumu. Shuka chini. Chini tena. Umepita. Rudi."

Athanasi alisoma kila mstari kwa sauti, kidole kikifuata, kama alivyokuwa akisoma namba za mizani ili mkulima asikie na karani wa pili asikie. *Sauti na mtetemo.* *Betri.* *Simu.* Akaingia hapo. *Kuzuia namba.* *Kusubirisha simu.* *Jibu simu kiotomatiki.* Mbele yake palikuwa na kidude cha kijani kimesogea kulia.

"Hicho hapo," alisema Jenifer. "Madereva ndio hupenda kukiwasha, na watu ambao mikono yao ni mibovu. Wewe mikono yako mizima."

Athanasi aliitazama mikono yake, ilikuwa na mikwaruzo ya mashina ya pamba lakini ni mizima. Akakigusa kidude kile. Kikasogea kushoto, kikawa cha kijivu.

Jenifer alimpigia ili ajaribu. Simu ililia. Ikalia, ikalia tena, ikaendelea kulia mpaka ikachoka yenyewe, na hapakuwa na mtu aliyefungua. Kibanda kizima kiliisikiliza kama wimbo. Athanasi aliona kifua kinalegea, kama mtu aliyerudishiwa komeo la mlango wake.

Njiani upepo ulikuwa mkali na bodaboda ilikuwa inapiga kelele. Alipofika nyumbani ndipo alipoona kwamba Monika alikuwa amepiga mchana, mara nne, na hakusikia.

"Amehangaika na hicho kitanda leo, sijui anataka nini," alisema Milembe akijiandaa kuondoka. "Saa sita ilipofika akaanza kutafuta kwa mkono kwenye mto. Nikampa leso, akaitupa. Nikampa rozari, akaitupa."

"Alitaka maji," alisema Athanasi.

"Maji nilimpa. Nayo aliyatupa. Shati langu ndilo hili, limelowa."

Jioni simu iliita. Athanasi hakuikimbilia. Aliiacha iite huku akitoka nayo uani, akakohoa, akanyoosha mgongo, akaipokea kwa kidole chake mwenyewe.

"Shikamoo baba. Mbona imeita sana?"

"Marahaba. Nilikuwa nakula."

"Na mama?"

"Amekula vizuri." Sahani ya Nyanjige ilikuwa kwenye kichanja, ugali haujaguswa, kuku wawili wanaivizia.

"Baba, umebadilisha kitu kwenye simu?"

"Simu ni yangu."

"Ni yako, baba. Ila kile kitu nilikiweka kwa sababu..."

"Najua sababu," alisema Athanasi, akakata.

Alisimama uani, ameishika ile simu, akingoja furaha ya ushindi. Haikuja. Uchovu ulikuja.

Jumatatu alikwenda shamba kama kawaida. Alifungua redio, akaacha simu kwenye mto, kikombe cha maji na michembe ya viazi vikavu iliyopondwa vizuri karibu na mkono mzima wa Nyanjige. Jua lilipokuwa limesimama kichwani, jembe lilichomoka kwenye mpini likarukia magugu. Alilipachika kwa jiwe, likachomoka tena. Kwa uchovu alionao hakuwa na nguvu hata ya kulitukana. Alilibeba akarudi nyumbani kutafuta kabari ya kulikazia.

Alipokuwa bado nje ya ua alisikia redio, na chini ya redio akasikia simu inaita. Ikakatika. Ikaita tena. Akatembea bila haraka. Ni nani atakayepiga saa hizi, wenye kumtafuta wanajua yuko shamba. Ikakatika. Ikaita tena. Ndipo akasikia kitu kinaanguka, bati juu ya sakafu.

Aliingia mbio, akasimama mlangoni.

Kikombe kilikuwa chini kinabingirika. Nyanjige alikuwa amejivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, nusu ya mwili imening'inia, na simu iko kifuani mwake inalia. Kwa mkono wa kushoto alikuwa anakipiga kile kioo. Alikipiga kwa kidole, kwa kiganja, akajaribu kwa kidevu. Mkono ulikuwa unatetemeka na kila mara ulipita pembeni ya ile alama ya kijani, maana haitaki kupigwa, inataka kuvutwa, na kuvuta ndicho kitu vidole vyake visichokiweza. Uso wake ulikuwa umelowa machozi. Hakuwa amemwona mumewe.

Simu ikakatika. Nyanjige alitoa sauti ambayo Athanasi hajawahi kuisikia katika miaka yote aliyolala naye nyumba moja.

Ikaanza kuita tena.

Athanasi aliliweka jembe mlangoni, akavuka chumba, akamwinua, akamweka sawa juu ya mto. Kisha akavuta ile alama kwa kidole chake kizima, akaiweka simu karibu na shavu la mkewe.

"Mayu," ilisema sauti ya Monika, ikimwita mama yake kwa Kisukuma, wala haikuwa ile sauti anayompigia baba yake jioni. "Mayu, upo? Jana nimekukosa. Nilijua umenisubiri. Sema taratibu, niko hapa, sina haraka."

Athanasi alizima redio ili amsaidie binti kusikia sauti ile ya kooni ya mama yake. Nyanjige akafungua mdomo. Midomo ilitafuta. Athanasi alijua alichotaka kusema, karibu akiseme, lakini safari hii akajiuma mdomo. Na binti kule Mwanza hakusema kitu. Alingoja. Muda ukapita ambao mtu angeweza kuwasha moto na kuuzima.

"Ni... li... kusubiri," alisema Nyanjige.

Lilikuwa neno zima. Lilikuja limepinda, upande mmoja wa mdomo umelala, lakini lilikuwa zima. Athanasi alirudi nyuma mpaka mlangoni, akashika fremu.

"Najua, mayu. Umekula?"

"Mi... chembe. Ina... mchanga."

Monika alicheka. "Mwambie baba."

"Baba yako..." Nyanjige akapumzika, akaanza upya. "Nikifungua mdomo... ananiletea maji. Mwaka mzima... nakunywa maji... kama ngamia."

Kule Mwanza binti alicheka mpaka akakohoa, na Nyanjige naye akatikisika mabega. Athanasi alikuwa hajamwona akitikisika hivyo tangu apooze. Alitamani kutoka. Hakutoka. Alisimama pale kama Constantine, ameyashika maneno yasiyokuwa yake, hajui ayaweke wapi.

"Mayu, Constantine ana kitu kinamkaa rohoni tangu juzi, hataki kuniambia. Anasema tu baba amechoka sana. Njoo Mwanza, mayu. Wote tupumzike."

"Sitaki Mwanza." Hilo lilikuja haraka kuliko mengine yote. Kisha akavuta nguvu, na binti akangoja, na Athanasi mlangoni akangoja. "Baba yako... kweli amechoka. Tafuta mtu... aje amsaidie. Lakini mwambie... anakuja kwa ajili yangu. Akijua... ni kwa ajili yake... atamfukuza."

"Haya, mayu."

"Ana... majivuno."

"Kwani simjui, mayu? Yuko wapi sasa? Nani kakupokelea simu?"

Nyanjige aligeuza macho yake, akamwona mumewe mlangoni, jembe lisilo na mpini kando yake, shati limekakamaa kwa jasho. Walitazamana. Hakushtuka. Huenda alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba hakutoka.

"Milembe," alisema Nyanjige. "Baba yako... yuko shamba."

"Haya, mayu. Nakata sasa. Unisamehe kwa kukukatia, hiyo ni kwa sababu wewe huwezi."

Kioo kikazima. Nje kuku walikuwa wanaparua.

Athanasi alisogea karibu. Yote yaliyomjia mdomoni yalikuwa ni ya kujitetea. Alichukua simu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akavaa miwani. *Mipangilio.* Akashuka chini, akapita, akarudi. *Simu.* *Jibu simu kiotomatiki.* Alikigusa kile kidude cha kijivu kikasogea kulia, kikawa cha kijani. Aliirudisha simu kwenye mto. Kisha akaichukua tena, akaitazama, akasema, "Wakati wa kuoga nitaiweka jikoni. Chini ya chungu. Constantine asije akafa bure."

Upande mzima wa uso wa Nyanjige ulipanda juu.

Aliokota kikombe kilichoanguka, akafuta sakafu, akanyoosha mkono afungue redio kama kawaida yake. Nyuma yake mdomo wa mkewe ulianza kutafuta neno. Athanasi aligeuka na kikombe tayari mkononi. Akajikuta anakitazama. Akakiweka dirishani, akaketi.

Alingoja. Ilikuwa kazi ngumu, ngumu kuliko ndoo. Mara tatu alihisi sentensi nzima imefika kwenye ulimi wake, imekamilika, na mara tatu aliimeza. Nje ng'ombe wa jirani walipita kwenda lamboni, kengele zao zikaenda, zikaisha.

"Re... dio," alisema Nyanjige.

"Niifungue?" Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Nyanjige alimngoja yeye sasa, mpaka aliposhusha mkono.

"Usi... ifungue. Mwaka mzima... inanipigia kelele. Kichwa... kinauma."

Athanasi aliitazama ile redio, aliyokuwa akiinunulia betri hata pale sukari ilipokosekana. Akaitoa betri, akaibeba mpaka ghalani, akaiweka nyuma ya magunia.

Jioni alikuwa amembeba mkewe kumhamishia kwenye kiti, mikono yote miwili imejaa, simu ilipolia mara mbili na kufunguka.

"Shikamoo baba. Mbona unahema?"

Alitaka kukohoa, akunje sauti. Hakuwa na mkono wa kuzibia mdomo wala pumzi ya kukunjia kitu.

"Marahaba. Namwinua mama yako. Ni mzito."

"Baba, kuna dada yake Constantine, Apolonia, amemaliza palizi kwao Kalemela. Anaweza kuja kukaa hapo miezi kadhaa. Ni kwa ajili ya mama tu, baba. Kumsukia nywele, kumwogesha, mambo ya kike."

Athanasi alimkalisha Nyanjige kitini, akamwekea mkono uliopooza juu ya paja. Mkewe alikuwa anatazama ukutani, macho makavu kabisa, kama mtu asiyehusika.

"Kama ni kwa ajili ya mama yako," alisema Athanasi, "mwambie aje. Aje hata kesho."

"Haya, baba."

Hakukata. Aliketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye miguu ya kiti cha mkewe, simu iko wazi kitandani, na wote watatu wakakaa kimya wakingoja mwenye neno lingine.